Kuunda upya kitenzi *werþaną: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kuna kitabu cha karne ya 6 kilichoandikwa kwa wino wa fedha juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Ni Injili kwa Kigothi, lugha iliyokwisha kufa zamani. Ukifika Marko 1:9 unakuta maneno haya: "jah warþ in jainaim dagam". Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaujua mstari huu kwa moyo: "Ikawa siku zile". Neno "warþ" ndilo hilo "ikawa".

Mwongozo huu ni wa neno hilo moja na ndugu zake wa Iceland, Ujerumani na Uingereza ya kale. Safari yetu inaishia kwenye umbo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika likiwa hai: *werþaną, kitenzi cha Mame-Kijerumaniki, yaani lugha mame iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi, Kiaislandi na nyinginezo. Wataalamu huiweka lugha hiyo Skandinavia ya kusini na Ujerumani ya kaskazini, kama miaka 500 kabla ya Kristo, karne kadhaa kabla ya mtu wa huko kuchonga herufi ya kwanza. Hiyo nyota mbele ya neno, desturi iliyoenezwa na Mjerumani August Schleicher katika karne ya 19, inasema hivi: umbo hili halijakutwa popote, limefikiwa kwa kulinganisha.

Vitabu vingi huanza na kitenzi laini kisichosumbua. Mimi nimechagua hiki kwa sababu kinachechemea: konsonanti yake ya mwisho hubadilika katikati ya mnyambuliko, na katika kazi hii pale neno linapochechemea ndipo penye ushahidi.

Kabla ya kuanza

Chukua karatasi uilaze kwa upana, na penseli yenye kifutio. Kisha zoea alama chache. Herufi þ hutamkwa kama th ya "thamani". Herufi ð ni dh ya "dhahabu". Hapa Mswahili ana bahati, maana Wazungu wengi hawana sauti hizi mbili katika lugha zao. Ila kama wewe ni wa "samani" na "zahabu", leo jilazimishe, kwa sababu tofauti ya th, dh, d na t ndiyo kesi yote. Kistari juu ya irabu, kama ē, ni kuivuta. Kimkia chini ya ą kinaonyesha irabu inayopitia puani.

Hatua ya 1: Ita mashahidi, fukuza wageni

Unahitaji lugha za kale zenye maandishi, na kwa kila moja maumbo manne: kitenzi-jina ("kuwa"), wakati uliopita wa umoja ("akawa"), wakati uliopita wa wingi ("wakawa"), na umbo la kutendeka ("aliyekwisha kuwa"). Kwa nini manne? Kwa sababu vitenzi vya aina hii havikuonyesha wakati kwa kiambishi kama -li- au -ta-. Vilibadilisha irabu ya ndani ya mzizi, na irabu hizo zilikaa katika vyumba vinne. Waandike hivi (Kinorsi ni lugha ya kale ya Skandinavia na Iceland, Kisaksoni ni ya kaskazini mwa Ujerumani, Kijerumani cha Juu ni cha kusini):

Kigothi: wairþan, warþ, waurþun, waurþans
Kinorsi cha Kale: verða, varð, urðu, orðinn
Kiingereza cha Kale: weorþan, wearþ, wurdon, worden
Kisaksoni cha Kale: werðan, warð, wurdun, wordan
Kijerumani cha Juu cha Kale: werdan, ward, wurtun, wortan

Kabla ya kwenda mbele, hakikisha hakuna mgeni mezani. Kiingereza cha leo kina "convert" na "version", na zote zina harufu ya mzizi wetu. Lakini zilitoka Kilatini baadaye sana, zikiwa tayari zimepikwa huko. Ukiziingiza utaharibu hesabu. Sisi tunalijua jambo hili nyumbani: mtu akitaka kuunda Mame-Bantu kutokana na Kiswahili, "tatu" na "nne" atazichukua, ila akibeba "sita", "saba" na "tisa" atakuwa ameingiza Kiarabu katika ukoo wa Kibantu.

Neno la kuweka kando pia ni "worth" la Kiingereza lenye maana ya thamani. Limefanana na kitenzi chetu kama pacha, lakini kufanana kwa sura hakutoshi kudai udugu. Lipo "worth" jingine ambalo ni letu kweli, nalo limebaki katika msemo mkongwe "woe worth the day", ole wake siku ile: yaani ole iipate, ole iwe kwake. Unapatikana katika Biblia ya King James, Ezekieli 30:2. Nje ya msemo huo kitenzi hiki kilikufa Uingereza na nafasi yake ikashikwa na "become".

Hatua ya 2: Mvue kila shahidi nguo zake za baadaye

Kila lugha ilipoachana na mama ilipata mazoea yake. Mazoea hayo yaondoe kwanza, la sivyo utamsingizia mama mambo ya watoto.

Kigothi kinaandika "ai" na "au" mbele ya r na h mahali ambapo kwingine kungekuwa na i na u. Ni tabia yake yeye peke yake. Kwa hiyo katika "wairþan" soma irabu moja fupi ya mbele, na katika "waurþun" soma u. Kigothi pia kilikuwa kimezichanganya e na i za kale, basi swali la ipi kati ya hizo mbili ilikuwa kwa mama, Kigothi hakiwezi kulijibu. Mwache, uliza wengine.

Kiingereza cha Kale kilizivunja irabu mbele ya r ikifuatiwa na konsonanti nyingine: e ikawa eo, na a ikawa ea. Rudisha nyuma: weorþan inatoka kwenye e, wearþ kwenye a.

Kinorsi kiliiangusha w ilipokutana na u au o. Usiniamini kwa neno hili moja, angalia mengine: Kiingereza kina "wolf", "word" na "worm", na Kiaislandi kina "úlfur", "orð" na "ormur". Basi "urðu" na "orðinn" ziliwahi kuwa na w mbele. Na v ya "verða" ni w iliyobadilika matamshi.

Kijerumani cha Juu kina desturi ya kuhamisha sauti za meno: þ ya kale ikawa d, na d ya kale ikawa t. Shika hili vizuri, tutalihitaji. Ndiyo sababu Mwingereza anasema "three" na Mjerumani "drei", Mwingereza "day" na Mjerumani "Tag".

Mwisho, o katika worden, wortan na orðinn ni u iliyoshushwa na a ya silabi iliyofuata. Kigothi, kwa "waurþans", kinashuhudia u.

Hatua ya 3: Konsonanti, na kwa nini hatupigi kura

W mwanzoni na r katikati hazina ubishi. Kazi iko kwenye konsonanti ya tatu. Soma mstari wa Kiingereza cha Kale tena: weorþan, wearþ, halafu ghafla wurdon, worden. Th mbili, d mbili. Kisaksoni vivyo hivyo: werðan, warð, kisha wurdun, wordan. Kijerumani cha Juu: werdan, ward, kisha wurtun, wortan. Tumia ile desturi ya hatua ya 2 kinyumenyume: d yake ilikuwa þ, t yake ilikuwa d. Umepata mstari uleule wa Kiingereza, kutoka kwa lugha iliyokuwa imebadilisha sauti zake zote mbili. Shahidi wa namna hii ana uzito mkubwa, kwani hakuweza kunakili kutoka kwa jirani.

Kigothi kinasema nini? Þ mwanzo hadi mwisho. Kinorsi? Ð mwanzo hadi mwisho.

Mtu mwenye haraka atapiga kura: lugha tatu dhidi ya mbili. Sivyo inavyofanyika. Unauliza: ni badiliko gani rahisi kutokea? Lugha kusawazisha mnyambuliko uliokuwa na sauti mbili ni jambo la kila siku; mtoto anayejifunza Kiswahili husema "njia refu" kabla hajazoea "njia ndefu". Lakini lugha tatu kuzua, kila moja kivyake, kuchechemea kulekule, katika vyumba vilevile, ni ajabu. Kwa hiyo mama alichechemea, na Kigothi kimesawazisha.

Kinorsi nacho kina habari yake, na hapa nilijikwaa nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza. Niliona ð katika "urðu" nikaihesabu kuwa ushahidi wa d. Nikaiona tena katika "verða" nikachanganyikiwa jioni nzima. Kumbe katika Kinorsi þ na ð za kale ziliungana katikati na mwisho wa neno. Shahidi huyu hadanganyi. Alikuwa amefumba macho tu. Andika pembeni ya jina lake: "hajui".

Andika sasa: þ, þ, d, d.

Kama jambo la neno moja kuwa na konsonanti mbili linakushangaza, tamka "ulimi" kisha "ndimi", "mrefu" kisha "ndefu". Mswahili hubadilisha l na r kuwa d bila kufikiri, kwa sababu ya sauti ya puani iliyotangulia. Kuna sababu, na sababu iko jirani na sauti yenyewe. Vivyo hivyo jina la kabila: sisi tunasema Kikuyu, wenyewe wanasema Gĩkũyũ, kwa kuwa k ya mwanzo imekuwa g mbele ya silabi inayoanza na k. Hiyo ndiyo inayoitwa Sheria ya Dahl. Kwa kitenzi chetu, sababu iko wapi? Shikilia swali hilo hadi hatua ya 6.

Hatua ya 4: Irabu

Hapa ni pepesi. Baada ya kuvua nguo, chumba cha kwanza kina e katika lugha nne, na Kigothi hakipingi. Cha pili kina a kote. Cha tatu kina u kote. Cha nne ni u. Mizizi yetu imekuwa: werþ-, warþ-, wurd-, wurd-.

Hatua ya 5: Miisho

Kitenzi-jina kinaishia -an kwa Kigothi, Kiingereza, Kisaksoni na Kijerumani, na -a kwa Kinorsi. Mbele ya n kulikuwa na a, na baada yake kulikuwa na irabu ya puani iliyofifia, ndiyo -aną. Umoja wa wakati uliopita hauna kiambishi: *warþ, basi. Wingi wa nafsi ya tatu ni -un. Umbo la kutendeka ni -anaz.

Hiyo z inatoka wapi, wakati Kigothi kina -s na lugha za magharibi hazina kitu? Kwanza iko kwenye mawe na vyuma vya herufi za runi, alfabeti ya kale ya watu wa Kijerumaniki. Pembe ya dhahabu ya Gallehus, Denmark, iliyotengenezwa kama mwaka 400 na kuibwa na kuyeyushwa mwaka 1802, ilikuwa na maandishi "ek hlewagastiz holtijaz horna tawido", yaani mimi Hlewagastiz wa Holt niliitengeneza pembe. Tazama -iz na -az zilivyokaa. Pili, Kifini, ambacho si ndugu kabisa, kilikopa neno la mfalme kikaliweka: "kuningas". Mwisho wa Kijerumaniki umehifadhiwa na jirani aliyekopa, huku wenyewe leo wana "king" na "König". Mkopaji mara nyingi hutunza kuliko mwenye mali. Kiswahili kimefanya hivyohivyo kwa "hela": sarafu ya Heller, iliyoingizwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, mia moja kwa rupia, imetoweka, lakini sisi bado tunadaiana hela.

Umefika: *werþaną, *warþ, *wurdun, *wurdanaz. Ungeweza kusimama hapa. Lakini bado hujui kwa nini inachechemea.

Hatua ya 6: Panda ngazi moja juu

Toka nje ya ukoo wa Kijerumaniki. Kilatini kina "vertere", kugeuza. Kilithuania kina "versti", kugeuza au kupindua. Kisanskriti kina "vártate", hugeuka, huzunguka, hutokea. Zote zina t mahali pa þ yetu. Mame-Kihindi-Kiulaya, bibi wa lugha zote hizi, alikuwa na mzizi *wert-.

Hiyo t kuwa þ inajulikana. Mdani Rasmus Rask aliuchapisha mpangilio wa sauti hizi mwaka 1818, na Jacob Grimm akaupanga kikamilifu mwaka 1822: p ikawa f, t ikawa þ, k ikawa h. Kilatini "tres", Kiingereza "three". Kilatini "pater", Kiingereza "father". Kwa *werþaną na *warþ hesabu inatoka. Kwa *wurdun haitoki, maana tulitarajia þ tukapata d.

Ubaguzi huu uliwasumbua watu zaidi ya miaka hamsini. Ulionekana hata kwenye maneno ya nyumbani: Kigothi kinasema "broþar" kwa kaka lakini "fadar" kwa baba, ilhali Kisanskriti kina t katika yote mawili. Wengi walijibu kwa kusema kila sheria ina mapengo yake. Mdani mwingine, Karl Verner, hakuridhika. Husimuliwa kwamba siku moja alijilaza mchana akachukua kitabu cha Mjerumani Franz Bopp cha kulinganisha lugha kimletee usingizi, macho yakamwangukia maneno mawili ya Kisanskriti: bhrā́tar, kaka, na pitár, baba. Moja lina mkazo kabla ya t, jingine lina mkazo baada ya t. Usingizi ukaisha. Makala yake ilitoka mwaka 1877.

Sheria yenyewe: f, þ, h na s zilizokuwa ndani ya neno ziligeuka kuwa sauti ghuna (zinazotetemesha koo, kama z na dh), isipokuwa pale mkazo wa kale ulipokuwa kwenye silabi iliyozitangulia moja kwa moja. Þ ikawa ð, na hiyo ndiyo tunayoiandika d.

Sasa chukua kitenzi chetu, na kwa kuwa Kisanskriti kilihifadhi mkazo wa kale, kisikilize. "Amegeuka" ni vavárta. "Tumegeuka" ni vavr̥timá. Zisome kwa sauti, taratibu, ukigonga meza kwenye alama ya mkazo. Katika umoja unagonga kabla tu ya t. Katika wingi unagonga mwishoni kabisa, na t imebaki bila kinga. Umoja ukatoa *warþ, wingi ukatoa *wurd-. (Ile va- ya mwanzo ni uradidi wa mzizi, na katika kitenzi hiki Kijerumaniki kiliuangusha.)

Umebaini pia irabu zilikotoka. Bibi alipishanisha e, o na utupu: *wert-, *wort-, *wr̥t-. Kijerumaniki kiligeuza o fupi kuwa a, ndiyo warþ. Na r iliyobaki peke yake bila irabu, r̥, ilichomekewa u, ndiyo wurd-. Mkazo ukihama kwenda mwishoni, irabu ya mzizi huliwa. Kwa hiyo u na d katika *wurdun ni watoto wa sababu moja. Sijui kama kuna kitu kitamu zaidi katika isimu yote.

Hatua ya 7: Ishushe ngazi kwa mpangilio

Jaribio la kweli ni kuanza juu na kushuka bila kudanganya. Mpangilio wa mabadiliko ni huu: kwanza t inakuwa þ (Grimm), pili þ isiyokingwa inakuwa ð (Verner), tatu mkazo unahamia silabi ya kwanza ya kila neno. Jaribu kugeuza mpangilio. Ukiuhamisha mkazo kwanza, *wurdun na *warþ zinakuwa na mkazo mahali pamoja, Verner hana cha kushika, na utapata þ kote. Hilo si kosa dogo: utakuwa umeumba Kigothi ukakiita mama.

Kisha shuka hadi kwenye lugha moja. Kwa Kijerumani cha Juu cha Kale: *werþaną inapoteza irabu ya puani, inakuwa werþan, þ inakuwa d: werdan. *Wurdun: d inakuwa t: wurtun. Imetoka. Kwa Kinorsi: *wurdun inaangusha w na n, inakuwa urðu. Imetoka. Ukikwama kwa lugha yoyote, kosa liko kwenye umbo lako au umesahau nguo moja katika hatua ya 2. Mara nyingi ni nguo.

Hatua ya 8: Jaza mnyambuliko

Wakati uliopo:
mimi *werþō
wewe *wirþizi
yeye *wirþidi
sisi *werþamaz
ninyi *wirþid
wao *werþandi

E imekuwa i kila silabi iliyofuata mara moja ilipokuwa na i. Usidhani ni mapambo ya kitaalamu. Mjerumani wa leo anasema "ich werde", lakini "du wirst", "er wird". Anaitamka i hiyo sokoni kila siku bila kujua umri wake.

Wakati uliopita: mimi *warþ, wewe *warst, yeye *warþ, sisi *wurdum, ninyi *wurdud, wao *wurdun. Hali ya kutaka au kudhani ilijengwa juu ya shina la wingi: *wurdī, angekuwa. Hiyo ī ya mwisho iliivuta u ya mzizi mbele ya mdomo, na matokeo yake ni "würde" ya Kijerumani, neno ambalo mwanafunzi wa lugha hiyo hukutana nalo mapema sana. Kitendaji ni *werþandz, kinachokuwa. Palikuwa pia na maumbo ya watu wawili tu, nimeyaacha.

Vitabu havitaandika sawasawa. Utakuta *werþanan kwa *werþaną, au ð kwa d. Ni tofauti za uandishi, usipoteze usiku.

Kijerumani cha leo kimesawazisha mengi: werden, wurde, geworden, d kote na u hadi kwenye umoja. Lakini Biblia ya Luther imelinda umbo la zamani mahali ambapo halingeweza kusahaulika, Mwanzo 1:3: "Es werde Licht! Und es ward Licht." Kwa Kiswahili: "Iwe nuru, ikawa nuru." Hiyo "ward" ni *warþ, na a yake bado iko.

Hatua ya 9: Maana

Umbo bila maana ni nusu ya kazi. Tulianza na "ikawa", tukafika kwa bibi tukakuta "kugeuka". Mwanafunzi wa Kizungu huhitaji maelezo hapa, Mswahili hahitaji. Mtu amegeuka nyuma, rafiki amegeuka adui, maziwa yamegeuka mtindi. Kutoka kuzungusha shingo hadi kuwa kitu kingine, Kiswahili kimepita njia ileile kwa miguu yake chenyewe. Unapounda maana upya, tafuta daraja la namna hii katika lugha yoyote hai. Ukilikosa kila mahali, shuku udugu wenyewe.

Kagua pia nomino za ukoo. Kutoka shina la wurd- kulikuwa na *wurdiz, lililokuwa, lililompata mtu, yaani majaliwa: Kiingereza cha Kale "wyrd", ambalo leo ni "weird". Katika hadithi za Kinorsi wanawake watatu wanaopanga maisha ya watu wanaitwa Urðr, Verðandi na Skuld. Majina mawili ya kwanza ni kitenzi chetu: Urðr ina u ya wakati uliopita, Verðandi ni kitendaji cha wakati uliopo, mwenye kuwa sasa hivi. Mpishano wa irabu umekuwa watu. Na ile "-ward" ya "forward" na "toward" ni mzizi uleule bado ukiwa na maana ya mwili: kilichogeukia upande fulani.

Zoezi

Kitenzi hiki kina maana ya kusema. Funika aya ya mwisho, fanya hatua ya 2 hadi ya 5, na mashahidi ni hawa:

Kigothi: qiþan, qaþ, qeþun, qiþans (q ni kw)
Kinorsi cha Kale: kveða, kvað, kváðu, kveðinn
Kiingereza cha Kale: cweþan, cwæþ, cwǣdon, cweden
Kijerumani cha Juu cha Kale: quedan, quad, quātun, giquetan

Vidokezo viwili. Kigothi ē dhidi ya ā au ǣ ya wengine ni ē kwa mama. Na gi- ya mwanzoni ni nguo ya magharibi, ivue. Usitarajie u katika chumba cha tatu na cha nne: mzizi huu hauna r, l, m wala n kabla ya konsonanti ya mwisho, kwa hiyo hapakuwa na r̥ ya kuchomekewa u.

Jibu: *kweþaną, *kwaþ, *kwēdun, *kwedanaz. Kinachechemea vilevile, þ mbili na d mbili, na Kigothi kimesawazisha tena. Kama uliandika þ katika chumba cha tatu kwa sababu ya Kigothi, au d katika chumba cha kwanza kwa sababu ya ð ya Kinorsi, rudi hatua ya 3. Kiingereza kilikiacha kitenzi hiki karibu chote, kikabakiza "quoth" na "bequeath".